Mbwa Aliyevuta Upande wa Webuye

Siku ya kwanza kumtembeza mbwa wangu, aliniburuta mpaka ndani ya nyanya za mtu.

Nikiwa na dera. Hapa Kanduyi, saa nne asubuhi, watu wamejaa.

"Nasike, nani anatembeza nani?" wakaniuliza.

Nilikuwa nimemnunua kwa jamaa fulani Moi's Bridge, baada ya wezi kuniingilia mara mbili. Mbwa mkubwa, kifua kama gunia. Nikamwita Chui.

Huyo mbwa hakutulia. Anazunguka boma, anakwaruza geti, halali. Na mimi silali.

Ukimfunga kamba tu, anavuta. Kila siku upande mmoja: upande wa Webuye.

Jirani yangu Mzee Kemboi, aliyestaafu kazi ya ulinzi kwa kutumia mbwa, akanihurumia.

"Wacha kumvuta. Akikaza kamba, simama. Akilegeza, songa. Akitembea kando yako, mpe kipande cha maini."

"Ati nisimame tu?"

"Simama tu, bana."

Nikasimama. Hatua tatu, simama. Hatua mbili, simama. Watu wakadhani nimerukwa na akili. Mikono ikachubuka, maini yakaisha, siku moja nikalia pale karibu na stadi ya mpira.

Lakini wiki ya sita kamba ililegea. Nikatembea kwa madoido, wacha tu!

Basi kakangu akawa anapeleka viazi Kitale kwa pikapu, njia ile ile ya Webuye. Nikaenda na Chui, niringe naye kidogo.

Karibu na soko, akasimama ghafla. Akaanza kutetemeka.

Mbele yetu kulikuwa na mama anayeegemea gongo, anachagua sukuma.

"Bosi?" akaita. "Si huyu ni Bosi wangu?"

Nikashika kamba kwa mikono miwili. Nilijua sasa naanguka.

Hakuvuta. Aliniangalia usoni, analia kwa sauti nyembamba, ananingoja mimi.

Nikapiga hatua. Naye akapiga. Tukaenda hivyo, kamba imelegea, mpaka akaegemeza kichwa kwa tumbo la yule mama.

Aliitwa Mama Mukami. Mbwa wake aliibwa mwaka jana, yeye akiwa amelazwa na mguu uliovunjika.

"Na ni huyu aliuvunja," akasema, anacheka na machozi yanamtoka. "Alinivuta nikaanguka kwa mtaro. Watoto wangu walisema hata akipatikana, sitamuweza tena."

Roho yangu ikagawanyika. Nilimnunua mimi. Nilichubuka mimi. Sasa?

Nikamwekea kamba mkononi. "Jaribu, mama."

Wakaenda mpaka kona, wakarudi. Gongo, hatua. Gongo, hatua. Chui hakuikaza kamba hata mara moja.

Nilimkumbatia Chui shingo, nikamwachia mama kamba, nikapanda pikapu bila kuangalia nyuma.

Kumbe zile wiki zote nilidhani ni kichwa ngumu, na mwenzangu alikuwa anataka kwenda kwao. Ukiona mtu anavuta sana upande mmoja, kabla hujamkazia kamba, muulize kwanza anaenda wapi.