Mkate Uliong'atwa Mara Moja

Barno, binti wa Hamdam mwoka mikate, alikuwa na mikono iliyobabuliwa na tanuri na mdomo usiojua likizo. Alianza kuoka angali mdogo, akisimama juu ya kreti, na bonde zima lile la kusini mwa Kirgizistani lilikubali kwamba mikate ya binti imeipita ya baba. Baba peke yake ndiye hakukubali. Alisema ni tanuri lile lile.

Mtaa wa chini, wa kina Barno, ni wa Wauzbeki. Wa juu ni wa Wakirgizi, na mitaa yote miwili inanywesha mashamba kwa mfereji mmoja. Kiangazi kilichopita wanaume waligombea zamu ya maji, makoleo yakainuliwa, kijana mmoja wa mtaa wa chini akavunjwa mkono. Wazee wa pande zote wakapiga marufuku kutembeleana. Mtaa wa juu ukaanza kula mkate wa mjini, ule laini wa mfuko wa plastiki, na hilo Barno alilichukulia kama tusi lake binafsi.

"Watuchukie, sawa," alimwambia Saykal, rafiki yake wa mtaa wa juu, siku walipokutana kwenye daraja la mfereji. "Lakini matumbo yao yamekosa nini?"

Saykal alicheka, kisha akaja kwenye shida yake. Kaka yake Tilek alikuwa ameitwa jeshini. Jahongir, kaka yake Barno, naye ameitwa, na wangeondoka kwa lori moja. Na huko kwao kijana haendi jeshini bila kung'ata mkate. Anaung'ata mara moja, unatundikwa ukutani, unamngoja arudi aumalize. Hakuna anayethubutu kuushusha kabla, maana kuushusha ni kusema kwamba hatarudi.

"Mama hataki wa mjini kwa jambo hilo," Saykal akasema. "Anataka wa tanuri lenu. Ila anaona haya kuomba."

Barno alitazama nyumba za juu, kisha za chini.

"Nitaoka miwili. Wa Tilek tutautundika kwetu. Wa Jahongir mtautundika kwenu."

"Wewe una wazimu."

"Kidogo tu. Hebu niambie, nani atapiga jiwe nyumba inayomtunzia mkate wa mwanawe?"

Hamdam alipoambiwa, alikaribia kudondosha piyala, kibakuli chake cha chai. "Mkate wa mwanangu ukakae kwa watu waliovunja mkono wa mtoto wa jirani yangu?"

"Na wa kwao si utakuwa kwetu, baba? Utakuwa umewashika."

"Kama rehani?"

"Iite unavyopenda."

Kwa Burul, mama yake Saykal, Barno alipeleka maneno mengine kabisa. Huko alisema ni amana. Mjanja yule, na simlaumu hata kidogo. Wazee walipoendelea kunung'unika, vijana wenyewe walimaliza ubishi: Jahongir na Tilek walisema hawang'ati mkate wowote isipokuwa hivyo. Mama gani angemwacha mwanawe apande lori bila kung'ata? Wakang'ata palepale darajani, wakiwa na unga kwenye masharubu machanga, wakaondoka.

Kiangazi kikarudi na joto lake. Asubuhi moja maji ya mtaa wa chini yakakatika, mahindi yakiwa yamejikunja majani. Mtu mmoja akasema wa juu wamefunga lango la maji. Hakuna aliyeuliza amejuaje. Wanaume wakabeba makoleo, Hamdam mbele, wakapanda. Barno alikuwa na tanuri limejaa mikate. Aliiacha, akawafuata mbio. Aliogopa sana, na zaidi ya yote aliogopa kwamba alijidanganya, kwamba mkate ni mkate tu.

Nyumba ya Burul ndiyo ya kwanza kando ya lango. Wanaume wa mtaa wa juu walikwisha kusanyika hapo, nao na makoleo yao. Burul akatoka, akausukuma mlango wake ukafunguka wote. Ukutani, mkabala na mlango, ulionekana mkate wa Jahongir, na alama ya meno pembeni.

"Karibu, Hamdam," akasema. "Kama umekuja kupigana, anza kwa kushusha mkate wa mwanao. Siwezi kumtunzia mtu anayenipiga. Ingia uushushe mwenyewe."

Hamdam hakusogea. Walio nyuma yake walitazama chini. Hata yule aliyeleta habari za lango alianza kukagua mpini wa koleo lake.

"Hauna vumbi," Hamdam akasema mwishowe.

"Utakuwaje na vumbi? Naupangusa kila Ijumaa. Namwombea mtoto, kisha naupangusa."

Hamdam akaegemeza koleo ukutani. "Shemeji, nipe maji ya kunywa. Halafu tukaliangalie hilo lango."

Walikwenda wote. Lango lilikuwa wazi. Mfereji ndio ulioziba kwa tope lililoporomoka kutoka mlimani, na mtaa wa juu nao ulikuwa unapata kijito chembamba tu. Kwa bahati makoleo yalikuwepo ya kutosha. Wakachimba hadi adhuhuri, wakitukanana kwa mzaha kuhusu nani amenenepa tangu mwaka jana.

Barno alirudi na kukuta mikate yote imekuwa mkaa. Alikuwa akiikwangua tanurini, akiimba, baba yake alipoingia na matope hadi magotini.

"Umeunguza tanuri zima."

"Ndiyo, baba."

Hamdam alimpita. Alisimama mbele ya ukuta ulipotundikwa mkate wa Tilek, akajinyoosha hadi kidole kikaugusa ukingo, akakitazama kile kidole.

"Wa kwetu una vumbi," akasema. "Mbona mnaniaibisha? Lete kitambaa."

"Leo ni Jumanne, baba. Yule mama hupangusa Ijumaa."

"Ijumaa ni mbali," akasema Hamdam, akavuta kiti, akapanda.