Mlinzi wa Mguu Mmoja

Asubuhi hiyo sikutulia. Niliizunguka meza kwa magongo, nikashika simu, nikaiweka, nikaishika tena. Ujumbe ulisema ruzuku yangu ya ulemavu imesimamishwa, kompyuta imeona mshahara wangu. Mshahara gani? Mimi nashona vifungo hapa mtaani Joubert Park, na serikali hiyo hiyo ndiyo iliyonipima ikakuta mguu mmoja.

Ndipo nikamkumbuka shemeji, mume wa dada yangu. Hana makaratasi ya kuishi nchini, nilimwazima yangu apate kazi ya ulinzi. Kila mwezi kampuni yao inapeleka jina langu serikalini.

Katika ofisi ya ruzuku karani alisoma kwenye kompyuta, akayatazama magongo.

“Baba, hapa inaonyesha unalinda geti, unasimama kutwa nzima.”

Niliwafikiria watoto wa dada yangu, wanaokula kwa mshahara huo.

“Ndiyo,” nikamjibu. “Nasimama.”