Waliokula Muziki Wasukume

Jumapili iliyopita nilirudi mtaani nilikolelewa, huku Eastlands, mashariki mwa jiji, nikaegesha gari langu mbele ya zile nyumba za mawe zenye vibaraza vyekundu. Sitakuficha, rafiki yangu: nilitaka nionekane. Nilitoka hapo na begi moja la mtumba kutoka soko la Gikomba, nikafagia gereji za watu huko nchi za Ghuba huku nikisoma jioni, nikarudi na stashahada ya umeme wa magari. Leo nina gereji yangu, na stashahada imetundikwa ukutani mahali ambapo kila mteja lazima aione. Basi nikafungua buti, nikawasha muziki injini ikiwa imezimwa. Spika nne na amplifaya, vyote nimefunga kwa mikono yangu. Watoto wakaja kucheza. Alasiri ikapita kama usingizi mtamu. Nilipofunga buti na kugeuza ufunguo niondoke, gari likasema "tik," likanyamaza.

Sauti hiyo naijua tangu nikiwa na miaka tisa.

Wakati huo ua wetu ulikuwa na gari moja tu, la jirani aliyefanya kazi kiwandani, Industrial Area. Lilikuwa kuukuu, rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa amelifungia redio ya kaseti na spika mbili pana kama sufuria za harusi, na waya akauvuta moja kwa moja kutoka kwenye betri, hivi kwamba muziki ulilia hata bila ufunguo. Mwanagenzi wangu akifunga waya namna hiyo leo, namwambia aung'oe aanze upya. Lakini siku zile tulijua nini? Jumapili mchana alifungua milango yote minne, na ua mzima ukaelea. Akina mama walikata sukuma wiki wakitikisa mabega, harufu ya chapati ikichanganyika na ya mafuta ya taa, na nguo kwenye kamba zikapepea kana kwamba nazo zinasikia. Nyanya yangu alidai hapendi nyimbo za dunia. Mwiko wake ndio uliomsaliti. Ugali wetu ulisongwa kwa mdundo.

Kesho yake betri imekwisha, gari haliwaki. Jirani hakugombana na mtu. Alisimama katikati ya ua, akapiga makofi mawili: "Waliokula muziki wasukume!" Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Ukisikiliza umekula, na ukila unasukuma. Tulitoka, wengine na mswaki mdomoni, tukalisukuma hadi mteremko wa dukani. Likakohoa, likawaka, nasi tukarudi tunanuka moshi, tukijiona sisi ndio injini.

Kisha binti yake mkubwa akapata mchumba. Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, gari lilioshwa na kufungwa riboni nyeupe, nami nikapewa kazi ya kufukuza kuku wasilichafue. "Leo redio isiguswe," jirani alionya. "Kesho padri ana harusi nne, na yetu ndiyo ya kwanza. Tukichelewa, ameturuka." Nikaitikia. Lakini watu wazima walizama kwenye mapishi, jua likawa tamu, na kaseti ilikuwa pale pale. Nilipiga upande wa kwanza, kisha wa pili, kisha tena wa kwanza.

Asubuhi bibi harusi akaketi nyuma. Baba yake akageuza ufunguo. Tik.

Safari hii hakupiga makofi. Alitazama waya, akatutazama sisi watoto. "Nani amekula?"

Nyanya alikuwa na msemo wake, kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hakuusema, alinitazama tu. Nikainua mkono. "Ni mimi, baba. Nilipiga kaseti mchana kutwa."

Kabla hajajibu, mlango wa nyuma ulifunguka. Bibi harusi alishuka, akavua viatu, akampa nyanya maua ashike. "Baba, hata mimi nilikuwa dirishani nikisukwa. Nimekula."

"Na mimi nimekula," akasema mama mmoja aliyepika chapati za harusi, "tena nikaongeza!"

Ua mzima ukacheka, kisha ukasukuma. Bibi harusi alikuwa katikati yetu, gauni amelikunja hadi magotini, na nyanya nyuma yake akiinua shela lisiguse vumbi. Gari liliwaka karibu na duka. Walifika kanisani padri akifungua kitabu.

Jirani yule ametutoka, nyanya pia. Gari liliuzwa kama vyuma chakavu, na palipokuwa na kamba za nguo pameota ghorofa. Lakini Jumapili iliyopita, gari langu liliponyamaza, mlango mmoja ulifunguka, akatoka mwanamke mwenye mvi, akipangusa mikono kwenye leso. Nilimjua kwa kicheko. Ni yule bibi harusi.

"We msichana, bado unamaliza betri za watu?" Akaweka viganja viwili juu ya buti lililoshika vumbi, na watoto waliokuwa wakicheza wakajipanga kando yake. "Haya, tumekula. Twende mteremkoni."

Nikatikisa kichwa. "Dada, hili halisukumwi. Gia zake ni otomatiki. Hata mkilisukuma hadi mtaa wa Huruma, haliwaki."

"Halisukumwi?" aliuliza, viganja bado viko pale pale. "Sasa tutakusaidiaje?"

Tulingoja kibarazani, tukinywa chai yake, hadi dereva wa teksi alipokuja na nyaya za kuazima moto kutoka betri yake.

Vijana wangu wa gereji wameliosha gari tangu siku hiyo. Nimewaambia buti waliache na vumbi lake. Lina alama za viganja.