Skrini Iliyopigwa Brashi

Sipendi vitu vingi mahali pamoja. Nina duka dogo la steshenari Chanika, hapa Handeni mjini. Natoa kopi, nachapa barua, na zaidi ya yote natengeneza kadi za harusi. Mteja wa kadi ya harusi anataka maua, njiwa, pete, majina ya wazazi wa pande zote mbili, namba za simu za wanakamati, na picha ya maharusi wakiwa wameshika maua mengine. Nimeshagombana na watu kwa ajili ya njiwa. Mama mmoja alichukua kazi yake akaipeleka kwa jirani yangu kwa sababu nilikataa kumwekea njiwa wa pili, na mpaka leo naona nilikuwa sahihi.

Kwa hiyo kaka yangu wa Dar aliponunua mashine mpya ya gemu akaniachia ya zamani, sikuona kwanza milima wala farasi. Niliona takataka. Ilikuwa ni ile aina ya gemu yenye dunia kubwa, unachagua mtu wako, unampandisha farasi, unakwenda unakotaka, na vijiji na mapori hayaishi. Nchi yenyewe ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Ila skrini ilijaa kama ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Juu kulikuwa na dira yenye vialama visivyohesabika. Kona ya chini kushoto, ramani ndogo ya duara yenye vidoti vyekundu vya maadui. Kulia, orodha ya kazi ambazo hujazimaliza. Chini, mistari ya rangi ya kukuonyesha umebakiwa na uhai kiasi gani. Ukiokota jani, maandishi yanakurukia kwamba umepata jani. Si nimeliokota mwenyewe?

Baba alikuwa amehamia kwangu miezi michache kabla, baada ya mama kufariki. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, Ngombezi. Babu ndiye aliyekuja kutoka kusini kukata mkonge, lakini baba hakuukata. Yeye alipanga madaraja. Singa, yaani nyuzi za mkonge, zikishakamuliwa, zikaanikwa juani na kupigwa brashi ili takataka zitoke, zinaletwa mezani kwake. Anashika fungu, anaangalia urefu, anaangalia rangi, anapitisha vidole mara moja, anasema: la kwanza, la pili, la tatu. Hakuwa na kipimo kingine zaidi ya macho yake. Alikuwa akijivuna kwa jambo hilo moja tu, maana kwa mengine yote ni mtu mpole kupita kiasi.

Jumapili nafunga duka. Tukishakula mchana, nakaa na pedi ya gemu mkononi, baba anakaa kwenye kiti chake pembeni yangu. Siku ya kwanza alitazama muda mrefu, halafu akatoa uamuzi.

"Hii haijapigwa brashi."

"Nini, baba?"

"Hiyo tivii yako. Huoni vinavyoning'inia? Kule juu, kule pembeni, na pale chini. Nchi nzuri hivi, nani kaitundikia matambara?"

Nilicheka mpaka nikaweka pedi chini. Nilikuwa nimepata mtu wa aina yangu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaanza kuondoa kitu kimoja baada ya kingine, huku yeye akihukumu. Nikitoa orodha ya kazi, anasema la tatu. Nikitoa mistari ya rangi, la pili. Siku nilipotoa mpaka ramani, ikabaki nchi tupu, nyasi zikiyumba na vilima nyuma yake, alisema, "Daraja la kwanza, mama." Baba ananiita mama, na siku hiyo aliniita kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu msiba.

Ikawa ndiyo Jumapili yetu. Shida ni kwamba bila alama hizo unapotea. Nilikuwa nikizunguka msitu mmoja saa nzima nikitafuta njia, nakufa kwa kuvamiwa na maadui ambao ningewaona kwenye ramani. Wakati mwingine narudisha alama kidogo, nachungulia, na kabla sijazitoa tena baba ameshaona. "Kuna watu nyuma yako. Si hao kwenye kiduara?" Alikuwa anaviona vile vidoti kabla yangu. Kisha anasema, "Haya, toa hayo matambara."

Sijui ni lini hasa mambo yalianza kubadilika, na nimejaribu sana kukumbuka. Najua alianza kujigonga kwenye mlango wa uani. Nikasema nyumba hajaizoea, ingawa alikuwa ameshakaa karibu mwaka mzima. Akawa anapiga teke ndoo niliyoiweka pembeni ya njia, na mimi namgombeza mwenye ndoo, yaani mimi mwenyewe. Kisha jirani akaja dukani kunilalamikia kwamba mzee wangu ana maringo siku hizi, watu wanamnyooshea mkono anawapita. Hilo liliniuma. Nikaenda nyumbani nikamsema baba. Nilimwambia watu wa hapa tunaishi nao, si vizuri. Alinitazama, akasema, "Nitajirekebisha, mama." Aliomba radhi kwa kosa ambalo hakujua amelifanya lini, na mimi niliipokea radhi yake.

Halafu ikaja Jumapili ninayoizungumzia hapa. Nilikuwa nimekwama kwa wiki tatu kwenye kazi moja ya gemu, kutafuta kibanda cha mganga porini, na uvumilivu ukaniisha. Kabla baba hajatoka chumbani nikarudisha kila kitu. Dira, ramani, orodha, mistari, maandishi. Skrini ikajaa pomoni. Nikajiandaa kusemwa.

Baba akaja, akakaa, akainama kidogo mbele kama alivyokuwa akiinamia meza yake. Akatazama katikati ya skrini, pale farasi alipokuwa.

"Leo umeipiga brashi sawasawa," akasema. "Daraja la kwanza."

"Baba, acha utani."

Akacheka. Lakini alicheka akiwa amechelewa, kama mtu anayecheka kwa sababu wenzake wamecheka.

Nikamuuliza, "Ramani unaiona?"

"Ramani si uliitoa?"

Ilikuwepo. Ilikuwa kona ya chini kushoto, pale pale ilipokuwa siku zote, vidoti vinawaka. Nasema hivi kwa sababu mtu anaweza kufikiri sikuelewa, na ningependa kufikiri hivyo mwenyewe. Nilielewa. Si kwa majina ya kidaktari, lakini nilijua kwamba mtu aliyekuwa akikamata takataka moja kwenye fungu zima la singa hawezi kukosa kuona ramani inayowaka, labda macho yake yawe yana jambo. Nilijua kwa muda wa kama kuvuta pumzi mbili. Kisha mshale wa dira ukanionyesha kibanda cha mganga kilipo, nikampiga farasi mbio.

Tangu siku hiyo sikuzitoa tena zile alama. Kwa miezi saba nilicheza na kila kitu kikiwa wazi, na baba amekaa pembeni yangu akisifia usafi wa skrini. Nilimaliza kazi zilizonishinda tangu mwanzo. Raha yake ilikuwa ileile, na yangu iliongezeka. Nilijiambia ni mzee, kachoka, hajali tena. Nikajiambia labda ananihurumia, ameona ninavyohangaika akaamua kuninyamazia. Sababu sikukosa, kila Jumapili nilikuwa na mpya. Ukweli ni kwamba upofu wa baba yangu ulinirahisishia gemu, nami nikautumia.

Katikati ya miezi hiyo lilipita gari la matangazo pale Chanika, likitangaza kwamba madaktari wa macho wanakuja kupima watu bure kwa siku tatu. Baba alikuwa amekaa nje ya duka. Aliingia akaniuliza, "Tungekwenda?" Nilikuwa na kadi mia mbili za kukata na mwenye harusi amesimama mbele yangu.

"Wewe tena?" nikamwambia. "Macho yako si daraja la kwanza?"

Mwenye harusi akacheka. Baba naye akacheka, akarudi nje kukaa.

Kilichotupeleka hospitali ni mkokoteni. Ulikuwa umesimama pembeni ya barabara, haukuwa hata unakwenda, na baba akauingia kama mtu anayepita mlangoni. Chuma kilimpasua juu ya jicho. Zahanati walimshona, na muuguzi akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Huyu mzee anaona?" Nikamjibu kwamba anaona vizuri. Jumapili iliyofuata nilifanya nilichopaswa kufanya miezi saba nyuma. Nilisimamisha gemu, nikamwambia anionyeshe kwa kidole kila kitu kilichoandikwa kwenye skrini. Kidole chake kikamwonyesha farasi. Kikabaki pale.

"Kuna kingine?" akaniuliza.

"Kipo, baba. Vipo vingi."

Kesho yake tulikuwa Korogwe, hospitali. Walimkalisha mbele ya mashine, kidevu kimeegemezwa, mkononi wakampa kitufe. Kila akiona kidoti cha mwanga abonyeze. Nilikaa nyuma yake nikisikiliza. Kitufe kilikuwa kinalia, kisha kimya kirefu, kisha kinalia mara moja, kisha kimya tena. Mwisho daktari alitoa karatasi yenye duara mbili, moja kwa kila jicho. Zilikuwa nyeusi kotekote, isipokuwa sehemu ndogo katikati.

Ilikuwa presha ya macho. Daktari alieleza taratibu kwamba inakula kutoka pembeni, haiumi, na ubongo wa mtu unaziba mapengo mwenyewe, hivyo mgonjwa hajui kwamba kuna kitu kimepungua. Anadhani anaona kila kitu. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, mpaka mwisho wa maisha.

"Mligundua lini?" akauliza, kalamu mkononi.

Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi.

"Jana, daktari. Amegundua huyu mwanangu. Ana gemu yake ya kwenye tivii, akanipima nayo. Angekuwa mwingine asingejua."

Daktari akanitazama kwa heshima. Akasema wengi wanaletwa kukiwa hakuna tena cha kulinda, na kwamba mzee amshukuru Mungu kwa binti mwenye macho makali. Nikasema asante. Hiyo ndiyo kauli niliyoitoa. Baba alipokuwa amepelekwa kuchukua dawa, nilirudi mlangoni peke yangu, nikamuuliza daktari hali ingekuwaje kama mtu angeletwa miezi saba kabla. Hakujua kwa nini nauliza. Akasema, "Tungekuta kikubwa zaidi cha kulinda," akaita mgonjwa mwingine.

Kutoka hospitali tulipita Manundu kwa shangazi, dada yake baba, tupumzike kabla ya safari ya kurudi Handeni. Alikuwa ametuandalia wali na maharage. Baba alisimulia yote kabla hajanawa. Akaeleza vile nilivyosimamisha gemu, na nilivyomwambia aonyeshe kwa kidole. Alisimulia kwa furaha kabisa, mtu ambaye ametoka kuambiwa kwamba macho yake hayatarudi. Shangazi aliacha upawa kwenye sufuria, akaja akanishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mwezi wa Ramadhani alikaa hapa kwangu wiki nzima," akasema. "Alikuwa akinipita ukumbini, nami nikasema kaka yangu ananinunia. Mimi niliyezaliwa naye sikuona. Wewe umeona."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Ningeweza kusema pale. Nilikuwa na watu wawili wanaonipenda, mlango umefungwa, na maneno yenyewe si mengi. Nilimtazama baba. Alikuwa ananyoosha mkono wake akinitafuta anishike bega, lakini nilikuwa nimekaa pembeni mno, na mkono ulikuwa unapapasa hewa upande wangu wa kulia.

Nikasogea katikati, anione. Akanishika bega.

"Mweleze shangazi yako mwenyewe," akasema. "Mweleze ulijuaje."

Nikaanza kumweleza, kuanzia Jumapili ya jana, si ile ya miezi saba nyuma.