Kulthum Akataa Kubeba Kosa la Seva

Saa moja na nusu asubuhi, Kulthum Abdulnasir, fundi wa kompyuta, amepiga magoti chini ya meza ya mapokezi katika kliniki moja ya kibinafsi mjini Ruiru, kibodi mapajani, akiandika harakaharaka. Hasalimii mtu. Ana hasira, na haifichi.

"Nilisema isiguswe," anasema. "Nilisema mara ngapi?"

Anazungumzia seva, kompyuta inayopokea majibu ya maabara na kuyafikisha kwa madaktari. Inatumia Linux. Kila kifaa kwenye mtandao kina nambari yake. Ruta, kifaa kinachosambaza mtandao, yaweza kuzigawa yenyewe, au fundi aandike nambari kwa mkono, isibadilike. Simu za wagonjwa, Kulthum, 36, aliziachia ruta. Seva aliiandikia mwenyewe, akabandika nambari hiyo juu yake kwa plasta, ile ya vidonda.

Mwezi uliopita, Kulthum akiwa likizoni kwao Thika, meneja alimleta shemeji yake, Muigai, "kuboresha mambo". Muigai akabandua plasta, akaiweka seva kwenye otomatiki, ipewe nambari na ruta. Siku tatu mambo yakawa sawa. Kisha stima ikapotea, kliniki ikabaki bila umeme. Iliporudi, ruta ilikuwa imesahau yote. Seva ikapewa nambari mpya, na ile ya zamani ikaangukia simu ya mtu aliyekuwa kwenye foleni akitazama mpira.

Maabara ikaendelea kutuma kwenye nambari ya zamani, na majibu hayakumfikia daktari hata mmoja. Emmah Waceke, mjamzito wa miezi minane, alikaa kwenye benchi kwa saa nne akingojea kipimo cha damu kilichokuwa tayari kitambo.

"Ngai! Mungu wangu! Nilikuwa naona giza, damu imepungua, na wao wanaangalia tu skrini," asema Emmah, aliyerudi leo kupimwa. "Ningezalia hapo kwa benchi."

Na barua ya onyo ikaandikiwa nani? Kulthum! Miaka tisa kazini, mshahara shilingi 28,000, watoto wawili, wa kwanza Salma. Atie sahihi kufikia Ijumaa au aende zake. Na kabla ya sahihi, marufuku kugusa seva; majibu yabebwe kwa mkono.

"Mama Salma, weka tu sahihi yaishe," meneja anamwambia mbele yetu. "Si ni karatasi tu?"

"Karatasi tu? Basi mpe shemeji yako aweke!"

Meneja anaingia ofisini na kubamiza mlango. Kulthum anatuonyesha kumbukumbu alizochapisha kutoka kwa seva yenyewe: tarehe, saa, na jina la aliyebadilisha, Muigai. Ijumaa atazipeleka kwa wakurugenzi. Anakiri anaogopa. Kodi haingoji mtu.

"Wallahi, sitaki pole yao. Nataka walitaje jina lake, halafu waniache nifanye kazi."

Na marufuku je?

"Nambari nimeirudisha asubuhi hii, ukiniangalia. Stima ikipotea sasa, majibu yatafika. Waniandikie barua ya hilo. Hiyo nitatia sahihi."