Nduru ya Wenye Kamera

Ulikuwa mwaka ule tuliokula samaki wa China. Ziwa liko hapo mlangoni, limepanda mpaka limemeza vyoo vya watu, na sisi tunatoka Kisumu na samaki wa katoni, wamegandishwa, hawana harufu wala macho ya maana. Aliyeshindwa na hao alikula mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki kiwanda kikishachukua nyama yake. Nilienda harusi mwaka huo, harusi ya kanisani yenye gari la kupambwa, na mgongo wazi tukapakuliwa kwenye sahani za maua. Tukanyonya mifupa, tukasema asante. Kwa hivyo mtu akiniuliza mjukuu wangu aliwaleta wale watu wa kamera lini, mimi sina tarehe. Ni mwaka huo.

Mjukuu huyo nimemlea mimi. Mama yake alimwacha kwangu hajaota meno, akaenda kuolewa kwingine. Mimi nilitolewa shule darasa la tatu nikabebe wadogo zangu mgongoni. Yeye alimaliza sekondari, na karo yake ilitoka kwenye moshi wa samaki wangu. Nilijivuna. Mpaka leo sijui kujivuna kidogo kidogo. Alipopata kazi kwenye studio mjini Kisumu, ya kupiga watu picha za pasipoti na za harusi, nilimwambia kila mtu ufuoni, hata wale ambao hawakuuliza.

Huko studio ndiko mwalimu alikomkuta. Mwalimu huyo ni mzungu mwenye mvi, nywele amezifunga nyuma kama msichana. Kazi yake ni kuwachukua watu wazima wa kwao na kuwapeleka nchi za mbali wajifunze kupiga picha hukohuko, kwa kutembea na kushika. Hawakai darasani. Wanaiita warsha. Alitaka kijana mmoja wa Afrika aende nao bure, akamchagua wangu. Wakaenda Uhindi. Kanisani kwetu walimwombea, na mimi nilicheza pale mbele mpaka kilemba kikaanguka.

Aliporudi aliweka kompyuta yake juu ya meza yangu, akanieleza walivyofundishwa. Asubuhi kabla ya jua wanaingia sokoni, mwalimu nyuma yao. Siku ya kwanza alimnyang'anya lenzi ndefu, akamwachia fupi, ile inayokulazimu umkaribie mtu mpaka usikie jasho lake. Akiogopa, mwalimu anamshika mabega na kumsukuma mbele. Mchana wanakaa wote, picha zinawekwa ukutani, na mwalimu anapita akisema hii imekufa, hii inapumua. Mjukuu wangu alilia siku mbili tatu za kwanza. Baadaye zake zikaanza kupumua.

Akanionyesha moja. Mama mzee wa huko Uhindi, mdomo wazi, machozi yameingia kwenye mikunjo ya mashavu.

"Huyu analia nini?" nikamuuliza.

"Sijui, Dani." Dani ni nyanya kwa lugha yetu.

"Hukumuuliza?"

"Hatukuwa tunajua lugha yao. Lakini angalia mwanga ulivyomwangukia."

"Nimekuuliza machozi, wewe unanijibu jua."

Alicheka. "Dani, wewe ni mkali kuliko mwalimu!"

Na mimi nikacheka. Alikuwa nyanya wa watu wengine.

Basi mwaka huo wa samaki wa China, mwalimu aliamua warsha inayofuata iwe kwetu, na mjukuu wangu ndiye awaongoze. Walikuja na gari jeupe refu, wanaume kwa wanawake wa umri wangu, wamevaa vizibao vyenye mifuko mingi kama wavuvi wanaoogopa maji. Wanawake wenzangu wa samaki hawakuniacha.

"Mama, leo umepata wachumba!"

"Chagua yule mwenye nywele, hao wengine wana vipara!"

Nilikuwa nimevaa gauni langu jeupe la akina mama wa kanisa, na kitambaa cha buluu kichwani. Nilijua picha ni kitu cha kuoga kwanza. Mwalimu akaniangalia, akasema neno, mjukuu akalitafsiri akiona haya: anaomba zile nguo za kukaushia samaki. Sawa. Nikabadilisha. Kazi yangu haina aibu. Nikawasha tanuri, nikapanga samaki, wakanizunguka. Mwanaume mmoja alilala kifudifudi juu ya magamba ili anipige kutoka chini. Mama mmoja moshi ulimshinda, akapiga chafya mpaka wote tukamwombea uzima. Mwalimu alikuwa anawashika mabega na kuwasukuma kwangu, mmoja mmoja. Nilivumilia. Nilifikiri, huyu mtoto akikumbukwa vizuri na watu hawa, ni mimi nimekumbukwa.

Ndipo mjukuu wangu akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Dani, mwalimu anaomba kitu. Nimewaambia hakuna anayejua kulia msiba kama wewe."

Hiyo ni kweli na sioni sababu ya kuificha. Katika ufuo wetu mtu akifa, watu wanangoja sauti yangu. Marehemu namwita kwa jina la baba yake, namsifu, namtukana kidogo, namuuliza nyavu amemwachia nani. Watu waliokuja kula tu wanajikuta wanalia.

"Wanataka kukupiga ukilia," akasema. "Kesho wanaondoka, na hakuna mtu aliyekufa."

Alisema hivyo kama mtu anayesema hakuna sukari dukani.

"Sasa?"

"Ulie kidogo tu, Dani. Hapo mbele ya nyumba. Uweke mikono kichwani. Ni kuigiza."

Huyu ni mtoto niliyemchapa mimi mwenyewe akiwa mdogo, akiweka mikono kichwani hovyo, kwa sababu kwetu mikono ya kichwani ni ya msiba na usiuite msiba ambao haujakuita. Na nduru haipigwi nyumbani kama hakuna maiti. Mwenye msiba ndiye anayeianza, sisi wengine tunaijibu, na tukiijibu tunakimbia. Hakuna anayesimama kuuliza. Ndiyo maana haichezewi.

"Mwambie mwalimu wako, kilio changu sikitoi."

Akanishika mkono. "Dani, akiridhika na safari hii atanifanya msaidizi wake. Nitafundisha. Nitazunguka dunia. Wewe usiponisaidia, nitasaidiwa na nani?"

"Nimewapa samaki, nimewapa moshi, nimewapa sura yangu na nguo zangu zenye matundu. Kilio changu sikitoi."

Aliinuka. Mwalimu alisikiliza, akanitabasamia, akaniinulia kidole gumba. Wakakusanya mifuko yao, wakaondoka kwangu. Nikajua yameisha.

Mke mwenzangu, yule mdogo, boma lake liko nyuma ya langu, tumetenganishwa na ua wa michongoma. Bwana wetu alikufa zamani, na sisi tumezeeka tukisalimiana vizuri na kupimana kwa macho. Siku hizo mwanawe wa mwisho alikuwa amelazwa hospitali ya Kombewa, amepasuliwa tumbo, na kila simu ikilia tunaangaliana.

Mchana, nikiwa nageuza samaki, nikasikia nduru kutoka kwake.

Sikufikiri. Niliacha samaki waungue. Nilipita kwenye michongoma, nguo ikachanika, na sauti ikanitoka yenyewe. Nilimwita yule kijana kwa jina la baba yake, bwana wangu. Nilimuuliza kwa nini ameruka foleni, ananiacha mimi niliyetangulia. Nyuma yangu watu wanakimbia. Wavuvi waliacha mashua nusu iko majini. Mtu wa pikipiki alimwacha abiria wake barabarani. Wanawake walikuwa wanakata matawi njiani kama inavyotakiwa, wakijibu nduru kwa nduru. Nilipofika uani nikaanguka kwa magoti.

Halafu nikaona viatu. Viatu vizuri vya kutembelea milimani, vimezunguka ua mzima.

Mke mwenzangu alikuwa amesimama katikati, mikono kichwani, amevaa leso mpya. Aliponiona akanyamaza.

"Walisema ni ya kuigiza tu," akaniambia polepole. "Walisema wewe umekataa."

Na mbele yangu, karibu sana, karibu mpaka nikasikia sabuni niliyomnunulia mwenyewe, alikuwa mjukuu wangu na ile lenzi fupi. Mimi bado machozi yananitiririka, sijaweza kuyaambia yarudi. Akapiga. Nikamtazama ndani ya kile kioo. Akapiga tena. Hakuishusha.

"Maiti iko wapi?" mzee mmoja wa mashua akauliza, anahema, maji yanamchuruzika magotini.

Akachungulia ndani ya nyumba.

"Nimeuliza, maiti iko wapi?"

Watu walipoelewa, matawi yakaanza kudondoka moja moja. Mwanamke mmoja akamwambia mke mwenzangu, "Unamlilia mtoto wako yuko kitandani? Na kesho utatuita tumzike nani?" Mwingine akatema mate. Wale wageni waliendelea, kwa sababu watu wenye hofu ya kweli ni picha bora kuliko mtu mmoja anayeigiza. Mwalimu alikuwa amewafundisha vizuri. Yule mama wa chafya peke yake ndiye aliyeweka kamera chini, akakaa kwenye vumbi, mkono mdomoni. Kwa huyo sina neno baya.

Nilitembea kurudi kwangu. Mjukuu wangu alinifuata mpaka kwenye ua akisema Dani, Dani. Sikugeuka. Asubuhi wakaondoka naye.

Kijana wa Kombewa alipona. Alirudi nyumbani akakuta watu wanamwangalia kama maiti iliyotoka kutembea. Watoto walikuwa wanamgusa wakikimbia. Mama yake aliletewa dawa ya miti ya kuondoa mkosi, akainyunyiza bomani, akamwomba kijana ainywe pamoja naye. Kijana alikataa hata kuingia kwa mama yake. Sasa yuko Ahero, analima mpunga wa watu, na mafuriko yakija bado harudi. Mke mwenzangu siku hizi ananisalimia akiangalia kuku.

Na mimi nilipata fungu langu. Shemeji yangu alipofariki alfajiri, mzee mwenye heshima zake, mimi ndiye niliyekuwa wa kutoa sauti. Nikaitoa. Watu walitoka mpaka kwenye malango yao, wakasimama, wakaangalia kwanza barabarani kama kuna gari jeupe. Kwa muda mrefu waliojibu nduru ya shemeji yangu walikuwa mbwa. Nililia peke yangu, na nililia vizuri, na nilijua kila mtu ananisikia.

Mjukuu wangu alipata alichotaka. Ni msaidizi wa mwalimu. Sasa ni yeye anayewashika watu mabega na kuwasukuma. Juzi alipiga simu kutoka Moroko, ile simu ya kuonana uso. Nilikuwa napasua samaki. Nilimwona amenenepa, na mwalimu amekaa kando yake ananipungia mkono.

"Dani, habari ya nyumbani?"

"Nyumba ipo."

"Dani, ile picha yako. Inataka kutundikwa kwenye ukumbi mkubwa wa picha, na iwe mbele kwenye kitabu cha mwalimu. Lakini wenye ukumbi wanataka wakusikie kwa mdomo wako kwamba umekubali."

Nikaendelea na samaki.

"Ni picha nzuri sana. Watu wakiiona wanalia."

"Wanamlilia nani?"

Akamtupia mwalimu jicho. Halafu akasema, "Dani, lakini kilio ulikuwa umeshakitoa. Kilitoka chenyewe. Mimi nilipokea tu."

"Nilimpa mtoto wa mke mwenzangu, nikijua amekufa. Wewe ulikuwa umekufa?"

"Dani, tafadhali. Hii picha ndiyo iliyonipa kazi. Ukikataa, mwalimu atamchukua mwingine. Nitarudi Kisumu kupiga pasipoti. Unataka hivyo?"

Nilitaka kumwambia hapana. Nilitaka azunguke dunia, nipate la kusema kanisani. Tangu hajaota meno nilikuwa nataka hivyo kwa ajili yake, na Mungu anajua bado nataka.

"Rudi," nikamwambia. "Samaki wapo siku hizi."

"Sema neno moja tu, Dani. Sema ndiyo. Mwalimu anasikia."

Nikafuta magamba mikononi.

"Kilio changu sikitoi."

Mwalimu akamuuliza kitu kwa Kiingereza. Mjukuu wangu hakumtafsiria. Alikuwa ananitazama, macho yamejaa. "Dani," akasema, "hebu rudia, labda sijasikia vizuri."

"Kilio changu sikitoi."