Nilitengeneza Mlango, Ukanifungia Nje

Umewahi kusimama nje ya mlango wa vioo, unaangalia watu wanakata keki ya kazi yako?

Mimi nimewahi. Na mlango wenyewe niliutengeneza mimi.

Kaeni vizuri niwasimulie sasa hivi, maana hasira yangu ikipoa nitaanza kusamehe watu wasiostahili.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Si wa kuuza chaja, wa kuandika mifumo. Ofisi moja ya bima ilinichukua kwa mkataba niwatengenezee mfumo mpya, pamoja na milango inayofunguka kwa kadi.

Pale ofisini kuna watu wa aina mbili. Wa kudumu wanavaa mkanda wa bluu shingoni, sisi wa mkataba tunavaa wa njano. Wa bluu ana kikombe chake jikoni, kimeandikwa jina. Wa njano anakunywa chai kwenye kikombe cha karatasi, kinamlegea mkononi kabla hajamaliza.

Kazi ni ile ile. Mfumo ukilala anaitwa wa njano. Ukiamka anapongezwa wa bluu.

Nilikuwa na mtu wangu pale. Ofisi nzima ilimwita Mwenyeji, kwa jinsi alivyojua kila kona na umbea wa kila kona. Yeye ndiye aliyenitafutia ule mkataba. Tena si rafiki tu, amemuoa dada yangu mdogo. Shemeji wa damu, kama kuna kitu kama hicho.

Mkanda wake wa bluu ulikuwa umepauka kwa jua. Ukiuona tu unajua huyu kazi ameikalia.

Mkataba wangu ulikuwa ukingoni. Mke wangu alikuwa mwalimu mji mwingine, mbali, na watoto walikuwa wananijua kwa sauti ya simu. Tulikubaliana hivi: nikipata ajira ya kudumu, anaacha kazi, anakuja na watoto tuishi kama familia.

Siku moja Mwenyeji akanivuta kwenye ngazi.

"Shemeji, mambo yameiva. Jina lako limeingia kwenye ajira ya kudumu."

"Umeliona?"

"Kwa macho yangu haya mawili. Sukari mwenyewe kanionyesha."

Sukari ni mkuu wetu wa kitengo. Tulimpa jina hilo kwa sababu mama yule anakukatalia jambo na wewe unaondoka unamshukuru.

"Sasa anataka umalizie kitu kimoja," Mwenyeji akaendelea. "Siku ya uzinduzi, ikigonga saa sita mchana, kadi ya yeyote asiye wa kudumu ife. Mfumo usome majina kutoka idara ya utumishi. Sisi hatugusi chochote."

Sisi mafundi tuna tabia ya kuacha kamlango ka uani, ili mambo yakiharibika tuweze kuingia turekebishe. Nikamuuliza kama niache.

"Usiache upenyo, shemeji. Piga kazi safi. Wewe si mtu wa njano tena, unaogopa nini?"

Nikacheka. Jamani, nilicheka kwa furaha.

Nikampigia mke wangu. "Andika barua ya kuacha kazi. Tumeshakuwa watu wa kudumu."

"Usinitanie, Baba Pacha."

"Nimewahi kukutania kwenye jambo kama hili?"

Akalia. Nami nikalia, nimesimama pale karibu na mashine ya maji kama mtu aliyefiwa.

Siku ya uzinduzi ikafika. Mke wangu na watoto wako njiani. Muda mfupi kabla ya saa sita Mwenyeji akaniambia, "Shemeji, nenda kwanza kamtafute mtu wa gari la kubeba mizigo ya mama watoto. Keki tutakusubiri."

Nikaona, huyu ndiye ndugu.

Niliporudi nikaweka kadi mlangoni. Taa nyekundu.

Nikaigeuza. Nyekundu.

Ndani Sukari ameshika kisu, watu wanapiga makofi. Mwenyeji akaniona. Macho yetu yakakutana kabisa. Akageuka akaangalia keki.

Hapo ndipo nilipojua. Kikulacho ki nguoni mwako, na wangu mimi nilimpokelea mahari kwa mikono yangu. Ndiyo, mahari ya dada yangu niliipokea mimi.

Baadaye kidogo akatoka, kipande cha keki mkononi juu ya karatasi. Kutoka hakuhitaji kadi, unabonyeza kitufe tu. Mlango ukajifunga nyuma yake.

"Shemeji, tulia kwanza. Nafasi ilikuwa moja."

"Moja ya nani?"

Akatazama viatu vyake. "Sukari alisema nikihakikisha umemaliza kazi bila kelele, nafasi ni yangu."

"Nafasi gani tena? Wewe si wa kudumu?"

Akaushika mkanda wake.

"Mkanda huu aliniachia mama mmoja wa masijala alipostaafu," akasema. "Nikauvaa. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nilitaka kumpiga. Nilichoweza ni kumwangalia tu. Dada yangu amejisifia ule mkanda kwa mawifi zake tangu siku ya harusi!

"Ila sasa niko ndani kweli, na nikikaa sawa nitakuvuta," akasema. Akaweka kadi yake mlangoni arudi.

Nyekundu.

Akaifuta kwenye shati. Nyekundu.

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo.

Akagonga kioo. Sukari akainua kichwa, akatuona wote wawili, akatabasamu, akatupungia mkono. Kisha akaendelea kugawa keki.

"Fundi," Mwenyeji akasema, na hiyo ndiyo siku aliyosahau kuniita shemeji. "Mfumo umeuandika wewe. Kuna upenyo?"

"Uliniambia nisiache."

Simu yangu ikaita. Mke wangu. "Baba Pacha, tumeshafika. Watoto wanauliza ofisi yako ndiyo ipi, wanataka waje wakuone na mkanda wa bluu."

Nikavua mkanda wa njano, nikautia mfukoni.

Mngedhani yameishia hapo. Wapi!

Jioni Mwenyeji aliwahi nyumbani kwake kabla sijaongea na mtu. Akamwambia dada yangu kwamba ameacha kazi ya kudumu mwenyewe, kwa hiari yake, kwa sababu hakuvumilia kuona shemeji yake ananyanyaswa. Dada yangu akatangaza ukoo mzima. Mama akanipigia simu: "Mwanangu, mtu kuacha ugali wake kwa ajili yako? Umshukuru shemeji yako."

Dada yangu alikuwa na mimba changa. Ningesema nini?

Nikamshukuru. Mbele ya watu. Akanipigapiga mgongoni na kusema, "Ndiyo undugu."

Watu wananiuliza wa mkataba na wa kudumu wanatofautiana nini. Nimewajibu sana: wa njano anajua siku yake ya kuondoka, wa bluu hajaambiwa tu.

Lakini somo langu si hilo. Mtu akikuambia ameliona jina lako kwa macho yake mawili, mwombe akupeleke ukalione kwa ya kwako. Hasa kama anakuita shemeji.